Kaseti ya Kwenda Chimala

Enzi zetu, mtu aliyetaka kuficha shida zake aliandika barua. Barua ilikuwa na mstari wake tuliofundishwa darasa la tatu, na mwalimu alikuchapa ukiuruka: mimi ni mzima wa afya njema, hofu na mashaka ni juu yako wewe uliye mbali. Mtu ana malaria, amejifunika mablanketi mawili, anatetemeka mpaka kalamu inachana karatasi, lakini anaandika kwamba ni mzima wa afya njema. Hata barua ya msiba ilianza kwa uzima, halafu chini kabisa, karibu na sahihi, ndipo ulipokuta kwamba babu hatunaye. Ninyi wa rika langu mnajua ninachosema, maana na ninyi mmeuandika uongo huo kwa mwandiko mzuri wa kulala.

Sisi tulikuwa tunakaa Ipogolo, pale chini ya mji wa Iringa inapopita barabara kuu ya kwenda Mbeya. Nyumba yetu ya matofali ya kuchoma ilikuwa hatua chache tu kutoka kwenye lami, kwa hiyo nilikua nikilala kwa ngurumo za malori na kuamka kwa ngurumo hizo hizo. Mwezi wa sita na wa saba baridi ilikuwa inauma masikio. Asubuhi tulikimbia mchakamchaka tukiwa na masweta yaliyotoboka viwiko, na tuliimba kwa nguvu zote, kwa sababu ukiimba kwa nguvu mvuke unatoka mdomoni, na sisi tuliamini kwamba mwenye mvuke mrefu ndiye mwenye sauti nzuri. Mchana tulicheza rede kwa mpira wa makaratasi na soksi mpaka mtu atoke damu puani. Tukirudi nyumbani kuna kande, mahindi na maharage yaliyochemka tangu asubuhi, na kama bibi ameamka vizuri unaongezewa kikombe cha togwa. Watoto wa siku hizi ukiwapa kande wanauliza kama kuna sosi.

Mama yangu alikuwa anaimba sauti ya kwanza kwenye kwaya ya usharika wetu. Mwalimu wa kwaya, mzee mwembamba aliyevaa koti lile lile mwaka mzima, alikuwa mkali kupita mwalimu wa hesabu. Aliandika do re mi ubaoni, kila sauti na mstari wake, akasikiliza kidogo, kisha akawasimamisha wote kwa kupiga meza. "Noti mmezipata," alikuwa akisema, "lakini mnaimba kama mnaita majina ya wanafunzi. Nani humu amewahi kufiwa? Nani amewahi kusamehewa? Basi imbeni ninyi, wengine wafuate." Halafu anamgeukia mama: "Mama Upendo, anza." Mama alifumba macho, akaanza, na kwaya nzima ikabadilika. Mimi ndiye huyo Upendo, kifungua mimba wake. Nilikaa benchi la nyuma na mdogo wangu Yohana, nikijivuna utadhani anayeimba ni mimi.

Nyumbani mama hakuwa msemaji. Wanawake wa kwetu walilelewa hivyo. Mwanamke anayeelezaeleza yanayomsibu alionekana ana mdomo. Kwa hiyo sisi watoto tulimjua kwa nyimbo zake. Akifua huku anaimba pambio la haraka haraka, hapo unaweza kuomba ruhusa ya kwenda mtoni. Akiimba sauti ya pili, ambayo haikuwa yake, ujue kuna mtu amemuudhi na usimsogelee. Akiimba taratibu na kurudia ubeti mmoja, anamkumbuka baba. Tulikuwa tunasimama mlangoni kwanza na kusikiliza kabla ya kuingia, kama mtu anayeangalia mawingu kabla ya kuanika mahindi. Sikumbuki kama tuliwahi kukosea.

Baba alikuwa Chimala, akifanya kazi kwenye mashine ya kukoboa mpunga. Alikuja mara mbili au tatu kwa mwaka, na akija nyumba nzima inanukia mchele mpya. Redio kaseti alituletea yeye, nyeusi, yenye mkono wa kubebea na batani sita, moja nyekundu. Ilikaa kabatini imefunikwa kitambaa cha kufuma. Betri zikichoka tulizianika juu ya bati, zikapata nguvu ya nyimbo kadhaa. Mkanda ukilegea tuliukaza kwa kuzungusha kalamu. Vijana mnaosoma haya mnaweza kucheka, ila ninyi pia mnatembea na chaja mfukoni mkiomba mahali pa kuchomeka, kwa hiyo tusichekane sana.

Wakati huo watu wenye ndugu wa mbali walikuwa wameanza mtindo wa kutuma kaseti badala ya barua. Unachukua kaseti ya zamani ya kwaya, unaziba vile vitundu viwili vya juu kwa karatasi iliyotafunwa ili ikubali kurekodi, unabonyeza batani nyekundu pamoja na ile ya kuchezea, kisha unaongea. Ukimaliza unaifunga kwenye gazeti na kumkabidhi kondakta wa basi la Mbeya pale barabarani, naye anaishusha Chimala. Kule kaseti haikusikilizwa na mtu mmoja. Ikifika, wafanyakazi wote walikusanyika, maana kila mmoja alikuwa na kiu ya kusikia watoto na kuku wa nyumbani, hata kama si nyumbani kwake. Uongo ulikuwa ule ule wa kwenye barua: sisi huku wazima, hofu ni kwako.

Mwaka nilipotimiza miaka kumi mama alijifungua mtoto wa kike, akaitwa Faraja. Baba alikuja akambeba siku nne, akarudi kazini. Mama alimtungia Faraja wimbo wa kumbembelezea, kwa Kihehe, wenye maneno machache tu: jina lake, kisha kwamba baba yako anakuja, baba yako analeta mchele. Aliuimba asubuhi, aliuimba mchana, mpaka sisi sote tukawa tunauimba bila kujijua. Faraja alipatwa na homa Jumatatu moja, akiwa na miezi minne. Jumatano hatukuwa naye.

Wazee wetu walikuwa na desturi ambayo nadhani wengi mnaijua na mmeisahau kwa makusudi. Mtoto aliyekufa kabla ya kuota meno hakuwekewa matanga. Hapigiwi yowe, watu hawapikiwi, hatangazwi kanisani. Wanawake wazima wachache wanamzika asubuhi, na mchana mama yake anatakiwa awe jikoni kama kawaida. Bibi yetu, mama yake baba, ndiye aliyesimamia. Walipotoka kuzika alimwambia mama, mimi nikiwa nimesimama pale na ndoo ya maji: "Usimlie. Ukimlilia asiye na meno unawafungia njia watoto wanaokuja." Hakusema kwa ukatili. Alisema kama mtu anayemwelekeza mgeni namna ya kufunga mlango wetu. Mama akasema sawa mama, akachukua sufuria.

Barua ya kumjulisha baba niliandika mimi, kwa maneno ya bibi. Ilianza kwa afya njema. Chini, karibu na sahihi, ikasema kwamba mtoto Mungu amempenda zaidi, sisi wengine hatujambo, usihangaike kuja, malizia kwanza msimu. Baba akajibu kwa barua ya namna hiyo hiyo. Aliniambia baadaye kwamba aliisoma ile yetu mara tatu akitafuta mahali palipoandikwa kwamba mke wake anaumia. Hakupaona, akamshukuru Mungu kwa kumpa mwanamke jasiri.

Mwanamke huyo jasiri hakuwa akiimba tena. Alifua kimya, alisonga ugali kimya. Kwaya alikwenda, maana kutokwenda kungezua maswali, lakini nilimwona vizuri kutoka benchi la nyuma: mdomo ulifunguka pamoja na wenzake na sauti haikuwemo. Mwalimu alipomwambia aanze, aliangalia kitabu, akasema ana mafua. Mafua hayo yalidumu miezi miwili. Alikonda mpaka khanga ikawa inamzunguka na kubaki. Siku moja bombani niliwasikia wanawake wawili wakisema kwamba huyu akiendelea kukauka hivi harudi, wamewaona wengine wa namna hiyo, na walipogundua nipo nyuma yao wakaanza kuongea habari za sabuni. Tangu siku hiyo niliamka kila asubuhi na kwenda kwanza kuangalia kama mama yupo. Nilikuwa mtoto, sikujua la kufanya, na hapakuwa na mtu mzima wa kumwuliza, maana watu wazima wote walikuwa wamekubaliana kwamba hakuna kilichotokea.

Mwezi wa saba bibi akasema tumtumie baba kaseti, asije akahisi kuna jambo. Ilikuwa Jumamosi asubuhi, bibi mwenyewe amekwenda kwenye bustani zake za bondeni, vile vinyungu vyetu. Fundi mitambo nyumbani nilikuwa mimi, kwa sababu mama aliziogopa zile batani. Alisema ukikosea moja inakula mkanda. Niliziba vitundu, nikaweka betri zilizoota jua siku mbili. Yohana akaeleza habari za mbuzi wetu aliyezaa mapacha, akamwigiza na sauti. Mimi nikasema nimekuwa wa nne darasani. Mama akavuta kigoda, akakohoa, akasema kwa sauti ya mtu anayesoma barua: "Baba Upendo, kamwene. Sisi huku wazima wote. Mahindi tumeshavuna, mama naye hajambo. Usiwe na wasiwasi na sisi." Akanitazama kunionyesha kwamba amemaliza. Wakati huo huo wenzangu wakaniita kutoka barabarani, timu ya rede imepungukiwa mtu mmoja. Nikatoka mbio, Yohana nyuma yangu. Batani ya kuzimia sikuibonyeza.

Niliporudi mchana mkanda ulikuwa umefika mwisho wenyewe na betri zimekufa kabisa. Nikajua bibi akiona atanikaanga, maana betri nyumbani kwetu zilitunzwa kama dawa. Sikumwambia mtu. Nikaurudisha mkanda mwanzo kwa kalamu, taratibu, mpaka kidole kikaota lengelenge. Kuisikiliza sikuweza, ningeisikilizia nini? Nikaifunga kwenye gazeti na kumpa kondakta, nikidhani shida yangu pekee ni betri.

Yaliyotokea Chimala nilisimuliwa na baba, nikiwa tayari nina mtoto wangu. Kaseti ilimfikia Jumapili baada ya ibada, mashine ikiwa imelala. Wenzake kama kumi wakakaa kwenye magunia barazani, redio ya mmoja wao ikawekwa katikati. Mbuzi wa Yohana akawachekesha. Mimi na nafasi yangu ya nne tukapigiwa makofi. Mama aliposema wazima wote, mmoja akamtania baba kwamba mkewe alifaa kusoma taarifa ya habari. Kisha ikasikika miguu yetu ikikimbia, mlango ukagonga, kukawa kimya. Baba alinyoosha mkono azime. Mzee mmoja, Msangu wa pale pale, akamwambia aache kwanza, wasikilize kuku. Wakasikiliza kuku wa Ipogolo. Lori likapita. Ikaja sauti ya maharage yakidondoka kwenye ungo, kwa sababu mama alikuwa amekaa kuchambua maharage ya jioni. Halafu polepole, peke yake ndani ya nyumba, mama akaanza kuimba.

Aliimba wimbo wa Faraja. Baba yako anakuja, baba yako analeta mchele. Aliuimba kwa sauti ya chini, akiishia katikati ya neno na kuanza upya. Mara ya tatu alipofika kwenye jina la mtoto sauti ilikatika, na kilichofuata hakikuwa wimbo. Maharage yaliacha kudondoka. Alilia kwa muda wote uliobaki kwenye mkanda huku amejiziba mdomo kwa khanga. Baba alisema unaweza kabisa kuisikia ile khanga. Wengi wa wale wanaume hawakujua Kihehe, walikuwa Wasangu na Wanyakyusa, na hakuna hata mmoja aliyeuliza mama anaimba nini. Waliinuka mmoja mmoja bila kuaga, mpaka baba akabaki peke yake na magunia ya mchele. Wa mwisho kuondoka alikuwa msimamizi wake. Alimwambia kwamba kesho basi la Iringa linapita saa mbili asubuhi, na kwamba mashine itazungushwa na watu wengine.

Jumatatu tulikuwa ndio kwanza tumetoka shule. Mama alikuwa uani anatwanga, bibi hajarudi kutoka bondeni. Baba akatokea pembeni ya nyumba, kofia mkononi, hana hata begi.

"Kwema?" mama akauliza, mchi ukiwa bado juu.

"Kwema."

"Mbona ghafla hivi? Nani amekuita?"

"Wewe," baba akasema. "Si umeniita mwenyewe."

Akatoa kaseti kwenye mfuko wa shati, akaiweka juu ya kigoda. Mama akaiangalia, kisha akanitafuta kwa macho. Mimi nilikuwa nyuma ya kihenge nawaza fimbo. Akaniuliza kama sikuzima. Nikasema nilisahau, mama. Sijawahi tena kuona uso wa mtu ukipitiwa na mambo mengi namna ile kwa muda mfupi. Kwanza ilikuwa aibu, aibu ya kweli, maana aliwafikiria wale wanaume wa Chimala. Halafu hasira, na hiyo ilinihusu mimi. Akasema hakuwa na maana ya kumsumbua mtu, kwamba alikuwa anajiimbia tu, kwamba yameshakwisha. Baba akamshika mkono mbele yetu, kitu ambacho baba wa enzi zetu hakukifanya, akamwambia, "Mama Upendo, mimi niliamini barua." Mama akakaa chini pale pale kwenye pumba, akalia kwa sauti kubwa ambayo sikujua kama anayo.

Bibi aliisikia tangu barabarani. Alikuja karibu anakimbia, jembe begani, akimwambia mama anyamaze, nyamaza mwanangu, watu watasikia, utajifungia njia. Na hapo baba, ambaye katika maisha yake yote hakuwahi kumjibu mama yake, akamjibu. "Mwache alie, mama. Na mimi nitalia. Mtoto alikuwa wangu na sijamlilia." Sauti yake ilikuwa ya heshima, ya chini, na alikuwa ameanza kulia kabla hajamaliza kusema.

Bibi alisimama, jembe likiwa bado begani. Nilifikiri kuna mtu atachapwa, na huenda ni mimi. Badala yake akaliegemeza ukutani, akakaa karibu na mama, akanyoosha miguu, na kuanza kutaja majina. Yalikuwa matatu, na hakuna kati yetu aliyewahi kuyasikia, hata baba. Moja lilikuwa la mwaka wa njaa, moja la mwaka wa nzige, la mwisho alilitaja tu. "Nimezika watatu," akasema. "Sikumlilia hata mmoja. Nilidhani wamekwisha." Halafu kwa sauti yake kavu akaimba wimbo wa kulaza mtoto, wa zamani sana, na alipokosa maneno aliendelea bila maneno. Huyu ndiye bibi aliyekuwa akituambia kila siku kwamba kuimba ni kazi ya watu wasio na shamba.

Jumamosi iliyofuata baba aliita watu. Hakuyaita matanga, ili wazee wa ukoo wasichukie, aliyaita maombi. Wawili wakachukia hivyo hivyo, hawakuja. Kwaya ilikuja nzima, na mwalimu na koti lake. Kande zilipikwa masufuria mawili makubwa. Mwalimu hakuwa na ubao siku hiyo, akamwambia mama kwamba akiweza aanze, asipoweza wao watamwanzia. Mama akaanza. Sauti yake ilikuwa imeshuka, ina mkwaruzo, na mahali pawili alikosea makosa ambayo siku nyingine yangepigiwa meza. Mwalimu aliangalia chini tu, kidevu kinamcheza. Nilimwona mmoja wa wale wanawake wa bombani akiinuka na kwenda nyuma ya nyumba, na sauti niliyoisikia kule ilinieleza kwamba naye alikuwa na wake. Walikuwa wengi wenye wao. Uani kwetu siku ile walililiwa watoto ambao hawakuwahi kuandikwa popote.

Mama alirudi kwetu pole pole. Alianza kula, akaanza kunigombeza, na kabla mwaka haujaisha nilisimama mlangoni nikasikia pambio la kufulia, nikakimbia kumwita Yohana naye aje asikie. Baba alikaa nyumbani wiki mbili. Aliporudi Chimala alitukataza kuandika mambo ya afya njema. Barua zetu zikawa zinaanza na neno "leo". Leo nimeamka vibaya. Leo nina furaha, mbuzi amepona. Mwalimu wangu wa Kiswahili aliona moja na kusema hiyo si barua. Sikubishana naye. Ile kaseti haikuchezwa kamwe nyumbani kwetu, maana hapakuwa na haja.

Siku hizi nakaa Mlandege, hapa hapa Iringa mjini, nashona nguo. Jirani yangu ni kijana anayewawekea watu nyimbo kwenye flashi, kwa hiyo kutwa nzima nasikiliza muziki bila kuuomba. Mwimbaji anasema ameachwa, moyo umepasuka vipande, hali wala halali, lakini mashine imemnyooshea sauti mpaka imekuwa kama pindo la suruali niliyoipiga pasi mimi. Kijana akanionyesha na video: jamaa analia akiwa amevaa miwani ya jua. Nikamwuliza, sasa tunajuaje kama analia? Akaniambia mama, sikiliza vaibu. Nimeisikiliza hiyo vaibu, bado naitafuta.

Na ujumbe wa vijana hawa je? Binti yangu Tumaini anauza duka la dawa Mwanjelwa, Mbeya. Ananitumia vikatuni vya kucheka mpaka machozi, sita kwa mpigo, na mimi nimewahi kukaa naye chumba kimoja akivituma, uso haujasogea hata kidogo. Kutwa ana vitu masikioni. Akitaka kutuma sauti yake anajirekodi, anajisikiliza, anafuta, anarudia mpaka itoke tamu. Nilimwambia enzi zetu kosa lilikuwa linapanda basi na kufika kama lilivyo. Akacheka, akasema mama, ninyi mliteseka sana.

Hayo yote niliyasema kwa kujiamini mpaka mwaka huu, kipindi cha baridi, nilipokwenda hospitali kwa sababu nilikuwa nashindwa kuona ncha ya sindano. Daktari, mama mpole sana, alinieleza kwamba ni presha ya macho, kwamba uono uliopotea haurudi, na kwamba nitatia dawa ya matone maisha yangu yote kuulinda uliobaki. Nilirudi dukani nikakaa mbele ya cherehani yangu ya miaka thelathini. Nikachukua simu nimrekodie Tumaini. Mara ya kwanza sauti ilitetemeka, nikafuta. Mara ya pili nikavuta kamasi, nikafuta. Mara ya tatu nikaanza kwa kicheko kidogo, nikasema nimetoka hospitali, hawajaona kitu kikubwa, ni umri tu, kazi njema mwanangu. Nikaisikiliza. Ilikuwa tamu, nikaituma.

Hazikupita dakika tano akapiga. Mbele yangu alikuwa ameketi mteja anayesubiri sketi yake.

"Shikamoo mama. Nimekusikiliza mara mbili."

Nikamwitikia, nikamwuliza kuna nini tena.

"Umeongea haraka haraka," akasema. "Na hujaniuliza kama nimekula. Daktari kasemaje?"

Nilitaka kucheka tena kile kicheko, hakikuja. Nikamwambia. Nilimwambia kuhusu matone, kuhusu sindano, kuhusu nguo mbili nilizoharibu mwezi uliopita nikasingizia kitambaa. Nilimwambia kwamba naogopa, neno ambalo sijawahi kumwambia mtoto wangu yeyote. Wakati huo nilikuwa tayari nalia kwa sauti, saa tano asubuhi, mtu mzima wa miaka hamsini na mbili, na mteja wangu ananitazama. Nilikuwa namsikia Tumaini kule Mbeya anavyopumua. Hakuniambia ninyamaze.